Waini za Nchi Nne Mezani kwa Mzee Wilfred

Chumbageni,
Tanga.
Tarehe 9 Agosti, 2025.

Mpendwa kaka Tadeo,

Shikamoo. Umenizidi miaka michache tu, na shikamoo yangu siku zote unaidai kama kodi, ila leo nakupa bila kusukumwa kwa sababu nina shida na wewe. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Mama mkubwa anasema mara ya mwisho mlipoongea ulikuwa unakohoa kama trekta la shamba la katani linalokataa kuwaka. Baridi ya huko Paarl kwenye mizabibu ikikuzidi vaa soksi mbili, usione haya. Hakuna msichana anayekutazama miguu.

Sisi huku wazima. Mama yako, mama mkubwa wangu, magoti yanamsumbua akipanda ngazi za kanisani, ila kwenye kwaya bado anawafunika wote, hata wale wasichana wanaojifanya wana sauti. Mama yangu naye hajambo, anafoka kila siku, ndiyo dalili ya afya yake. Mimi usiseme. Nimenawiri, nimetakata, ukiniona utasema huyu ni mtoto wa waziri.

Barua hii ataibeba yule baharia rafiki yako. Namba yako uliyotuachia sasa inapokelewa na mwanamke mkali asiyejua neno la Kiswahili. Kama ni shemeji, tuambie, tumpelekee salamu za heshima.

Baharia wako alishukia Mombasa, akavuka mpaka pale Horohoro, akatufikishia chupa yako salama, imeviringishwa kwenye suruali ya jinzi. Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akaipakata kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Akawa anapitisha kidole juu ya yale maandishi asiyoyajua, anasema, "Zabibu hizi kazichuma Tadeo wangu." Alirudia mpaka chai ikapoa. Suruali nimeichukua mimi. Inanikaa vizuri kuliko ingekukaa wewe.

Sasa ngoja nikupe habari zangu, maana najua unanikumbuka mimi wa kidato cha pili, yule aliyeacha shule hajui hata kipeo cha pili kinaliwa na nini. Kaka, mimi sasa ni mtu wa waini! Niko kwenye hoteli moja ya ufukweni njia ya Pangani, mbele kidogo ya Tongoni. Wageni wakitoka kutazama magofu wanarudi na kiu na jua kichwani, na anayewafungulia chupa ni Ernesti huyu huyu. Nakizungusha kizibuo, kizibo kinatoka kinahema taratibu, hakipigi kelele. Wapo wenzangu walioanza kazi kabla yangu na mpaka leo wanavunjia vizibo ndani ya chupa.

Nimejifunza kuonja pia. Unanusa kwanza, unaacha ikae mdomoni, unaisikiliza. Nimeonja waini nyeupe ya huko kwenu Afrika Kusini, iliyobaki kwa mgeni, ikaninukia mapera yaliyoiva, yale ya uani kwa bibi. Nikasimama jikoni kama mjinga, glasi mkononi. Nilijiuliza mtu wa Afrika Kusini ameipataje harufu ya uani kwetu. Tangu siku hiyo nikiambiwa kila waini ina nchi yake ndani, nasadiki.

Haya, nikupe lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu yangu Yona anataka kuoa. Usicheke, ndiyo, Yona yule yule mpole, anayeomba radhi hata akikanyaga kuku. Msichana anaitwa Brightness, ni muuguzi, kwao huko juu Amani, Wabondei, watu wa kanisa kama sisi. Mzuri, na ana akili, kwa hiyo sijui kaona nini kwa Yona. Baba yake ni Mzee Wilfred, zamani dereva wa lori la chai. Ana sauti ya kushuka mlima bila breki.

Baba mdogo Abrahamu ndiye mshenga. Safari ya kwanza alipokwenda, Mzee Wilfred alimpokea vizuri, akamwuliza, "Nyinyi watu wa kambini, kwenu hasa ni wapi?" Baba mdogo akasema babu alitoka Njombe kuja kukata mkonge, akabaki kambini. Mzee akasema, "Vema. Sisi hapa tuna boha, pombe yetu ya miwa. Mkija tena mniletee kinywaji cha kwenu, nikijue mnakotoka. Sitaki cha kununua kwa jirani."

Kaka, aliporudi na hilo nyumba nzima tukaulizana. Kinywaji chetu ni kipi? Babu alikunywa ulanzi huko kwao, lakini mianzi ya ulanzi Tanga haipo, na hata ingekuwepo, ulanzi ukipanda basi unafika ni siki. Tembo la mnazi ni la watu wa pwani. Boha ni yao wenyewe. Sisi tumezaliwa kambini, tukahamia mjini, hatuna hata mmea wa kuusingizia. Na wakati tunakuna vichwa, kuna mwalimu mmoja mwenye pikipiki anazungukazunguka pale Amani, anamchotea mzee maji, anamtengenezea redio. Yona akawa halali usingizi.

Nikasema, niachieni mimi. Pale hotelini kikundi kimoja cha wageni kiliondoka kikaacha chupa ambazo hazijafunguliwa, na meneja akatugawia vitu vyao. Wenzangu wakagombea taulo na biskuti. Mimi nikachukua Italia na Chile. Nikaongeza Dodoma, na chupa yako, kwa ruhusa ya mama mkubwa. Nilijiambia, kama hatuna kinywaji cha kwetu, basi tutampelekea mzee dunia.

Mimi, Yona na baba mdogo alitupeleka Hatibu, jirani yetu, kwa gari lake. Aliona zile chupa nimeziweka kiti cha mbele, akaniambia, "Ernesti, hizo zirudishe nyuma. Sitaki zinitazame." Njia nzima ya Amani, kwenye zile kona, kila chupa zikigongana anasema "Astaghfirullah" halafu anapunguza mwendo zisivunjike. Rafiki wa kweli. Kule alikunywa soda, akasinzia garini.

Tukapokewa, shikamoo zikatolewa, tukakaa. Sebule ina vitambaa vya kufuma hadi juu ya redio. Mzee kwenye kiti chake, mkewe pembeni, Brightness nyuma ya pazia, vidole vyake vya miguu vinaonekana. Nikatandika taulo jeupe mkononi, nikafungua Italia, nikamimina tone kwenye glasi ya mzee. Nikarudi hatua moja, nikasimama wima, nangoja aonje anikubalie. Ndivyo hoteli kubwa zinavyofanya.

Mzee akaisukuma ile glasi kwa kidole kimoja. "Wewe kijana. Umeniwekea tone, halafu unanikodolea macho. Unangoja nianguke?"

Kaka, nilihisi masikio yanawaka. Hivi nani asiyejua, hata sisi wa kambini tunajua, kwamba aliyeleta pombe ndiye anayekunywa kwanza mbele ya wenyeji, aitoe sumu na uchawi, ndipo wazee wanywe? Hoteli ilikuwa imenisafisha kichwa chote. Baba mdogo Abrahamu jasho lilimtoka kwa baridi ile ya Amani. Yona alikuwa anatazama sakafu kama anatafuta shimo la kuingia.

Lakini unanijua. Nikaichukua glasi ya mzee, nikaijaza, nikainywa yote nikimtazama usoni. Nikasema, "Mzee, nilikuwa naipoza." Mama Brightness alicheka kwanza. Mzee akasema, "Na hizo nyingine?" Basi nikaonja Chile, nikaonja Dodoma, na kila nikimeza ananichunguza kama daktari.

Aliporidhika alikataa glasi nyingi. Akasema kinywaji kinazunguka kwenye chombo kimoja, la sivyo kila mtu anakunywa peke yake ndani ya watu. Hapo ndipo uzuri ulipoanza. Nimewamiminia watalii mwaka mzima, kila mmoja na glasi yake na simu yake, sijawahi kuona waini ikinyweka namna ile. Glasi moja, inatoka kwa mzee inakwenda kwa mkewe, kwa baba mdogo, kwa Yona, kwangu, na kila anayeipokea lazima atoe neno.

Italia ilimkausha mzee ulimi kama bibo la korosho. Akakunja uso, akasema, "Hii imekasirika." Akanywa tena. "Imekasirika lakini ina adabu." Mimi nakwambia hakuna msomi atakayeisema vizuri zaidi. Ile Italia ni ya kuteremshia nyama, inasafisha mdomo, inakufanya utamani tonge jingine.

Chile ikaja. Baba mdogo akanusa, akasema mwenye shamba hilo alilima pilipili hoho jirani na zabibu. Ni kweli kabisa! Ina moshi kidogo na harufu kidogo ya majani, na inashuka laini kama kanzu ya hariri. Hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Yona alipofikiwa akasema, "Nzuri," akapitisha glasi. Mzee akamwambia, "Mkwe gani huyu ana neno moja?" Tukasikia kicheko nyuma ya pazia, na mzee hakujali kwamba neno mkwe limeshamtoka.

Dodoma mama Brightness hakutaka kuiachia glasi. Nyekundu, tamu, nzito kama sharubati ya zambarau. Akasema, "Hii inaingia bila kupiga hodi." Akatia kidogo kwenye kikombe cha chai, akakipitisha nyuma ya pazia. Kikombe kilirudi kitupu.

Ikabaki yako. Nikajitutumua, nikasema, "Mzee, hii sasa ya Afrika Kusini, imetengenezwa kwa mikono ya kaka yetu mwenyewe, Tadeo, mtoto wa mama mkubwa. Zabibu kachuma yeye, kakanyaga yeye." Najua hukanyagi, kuna mashine, niache niongeze chumvi. Nikaingiza kizibuo.

Mzee akanishika mkono. "Yeye ameonja?"

"Mzee, yeye yuko Paarl."

"Hizi nyingine wenyewe siwajui, umewaonjea wewe, sawa. Hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Nani kakutuma umnywee?" Akaichukua, akaifuta kwa kitambaa. Akamgeukia baba mdogo. "Niliwaambia mniletee kinywaji cha kwenu, mkanizungusha dunia nzima. Kumbe mnacho."

Akaiweka juu ya kabati. Akasema huyo Tadeo aje, aifungue mwenyewe, anywe kwanza mbele yake, na siku hiyo hiyo tutapanga ndoa. Baba mdogo akajaribu kumweleza kwamba umeondoka siku nyingi, hujarudi, huko kuna kazi. Mzee akamjibu, "Basi mwambieni kuna msichana anamngoja, na wala si wake."

Hapo ndipo tulipo, kaka. Mwalimu wa pikipiki ameambiwa asihangaike na redio tena. Yona amekubaliwa, ila kwa sharti hilo, na mzee hatetereki. Nimejaribu kumtumia ujumbe kwamba hata mimi naweza kukuwakilisha, mtaalamu mzima. Amejibu niendelee kupoza.

Kwa hiyo waini yako ndiyo ya kwanza kwa heshima na ya mwisho kwa utamu, kwa sababu hakuna aliyeionja. Ukitaka nikuondoe mkiani, unajua la kufanya.

Najua unachosema kila mara. Unasema utarudi ukiwa na kitu cha kuonyesha. Kaka Tadeo, niache utani kidogo. Mzee asiyekujua ameketi na watu asiowajua, akatuuliza kwetu ni wapi, na jibu tulilokuwa nalo ni wewe. Usingoje kitu kingine. Uje mikono mitupu, na soksi zako mbili.

Mama mkubwa hajaambiwa sharti la mzee. Anajua tu posa imekwenda vizuri. Nimemficha makusudi, maana akijua ataanza kufagia chumba chako, na mimi sitaki afagie chumba kisha usije.

Nisalimie rafiki zako wa shambani, na huyo mwanamke mkali wa simu. Baba mdogo Abrahamu anakusalimu, mama yangu anakusalimu, Hatibu naye anakusalimu na anasema siku utakayofika atakufuata mpaka Horohoro, ila chupa utapakata wewe. Brightness amekuita shemeji, umeshapata cheo kabla ya kuonekana. Yona nilimpa nafasi aandike mstari wake hapa chini. Alishika kalamu muda mrefu, mwisho akaandika hili tu: Njoo, kaka.

Mungu akulinde na baridi, akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye zaidi ya Chile,

Ernesti