Picha Namba Ishirini na Nne

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Umeme umerudi asubuhi, kwa kishindo, kama kawaida yake. Kompyuta imesalimika kwa sababu ya stabilaiza. Chaja ya kamera haikuwa kwenye stabilaiza. Imetoa moshi kidogo, harufu ya plastiki, basi. Kwisha habari yake.

Kamera yenyewe ni nzima. Ni ile aliyotuachia Bwana Pita, Mholanzi wa mradi, alipomaliza mkataba. Nzito kama pasi, na haina mkanda. Picha zinakaa humo humo ndani kwa nguvu ya betri, thelathini na mbili, halafu unazihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Rangi hakuna, ni kijivu tupu. Wala haina kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Inakuonyesha namba tu.

Zimo ishirini na nne, zote za ziara ya Nansio, kisiwani Ukerewe, wiki iliyopita. Vikundi vya akina mama, chanja za dagaa, na mkuu wetu Bwana Chenge akipeana mkono na kila mwenye mkono. Ya ishirini na nne ndiyo ya Tereza, mke wa dereva wetu Mihayo. Mihayo kaipiga mwenyewe. Alimsimamisha mkewe mbele ya nyumba, kitambaa cha njano kichwani, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, nikadhani ataingia ziwani. Tereza akawa anamwambia apige basi, dagaa hazijageuzwa. Kisha akanipa kikapu kizima cha dagaa nije nazo Mwanza, huku ananicheka kwamba Wahaya, tangu ile meli yetu izame mwaka jana, tunashika chuma cha meli hata ikiwa imefunga gatini. Nimempenda yule mama.

Nimemwambia Bwana Chenge chaja imeungua, tuhamishe picha leo. Kasema mkanda haujaisha. Nikamwambia hii haina mkanda. Kasema anajua, lakini zimebaki nane, na hakuna mtu anayepeleka kusafisha mkanda wenye nane. Na mimi nikaona ni kweli! Nyumbani tuna mkanda wa ubatizo wa Alexander tangu Pasaka, tunasubiri uishe.

Alhamisi, 4 Septemba

Tereza amefariki. Jana alfajiri, huko Nansio. Malaria, ikapanda kichwani, siku mbili tu.

Mihayo ameambiwa kwa redio ya upepo, mimi nimesimama hapo hapo. Aliuliza, "Tereza yupi?" Wakamrudia. Akanikabidhi funguo za gari, akatoka.

Sijafanya kazi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimerudi kwa meli ya mchana. Tumezika jana. Watu wengi sana, hata wa visiwa vya mbali.

Queen, mtoto wao wa mwisho, ana miaka miwili. Alikuwa anapita katikati ya watu anamkagua usoni kila mwanamke aliyefunga kitambaa cha njano. Changu kilikuwa cha njano. Nikakivua.

Hakukuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza. Wifi yake ameniambia Tereza hajawahi kupigwa picha ikatoka. Ya ndoa, mpiga picha alirudi akasema mkanda umeungua. Ya kitambulisho cha kikundi, ikaungua nayo. Baadaye Mihayo akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama Alexander, ile yangu nayo imeungua?"

Nikamwambia ile haiungui, iko ofisini, nitaitoa. Matanga yanaanuliwa Jumamosi ijayo; nitaitoa kabla ya hapo. Nimeahidi mbele ya mama mzazi wa Tereza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mikono yote miwili na hakuiachia mpaka nilipomaliza kuahidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Bwana Chenge amemaliza mkanda! Ijumaa, sisi tukiwa msibani. Amepiga geti la ofisi, mlinzi, mlinzi na geti, gari, jogoo wa mlinzi. Zilizobaki hata yeye hazikumbuki. Ndivyo watu wote wanavyomaliza mkanda, sina la kumcheka.

Sasa ana haraka. Kesho anakwenda Dar, na ripoti ya wafadhili inamfuata kwa ndege ya Jumamosi ikiwa na picha za Nansio. Ripoti ikipwaya, awamu ya pili hakuna. Awamu ya pili isipokuwepo, mikataba yetu inakufa Desemba. Hilo halihitaji kuelezwa mara mbili kwangu. Ponsian wangu alipunguzwa kiwandani Nyakato mwaka juzi, na tangu hapo nyumba nzima inakula kwa vidole hivi vinavyopiga chapa.

Nimesoma kitabu cha kamera. Taa ya betri ilikuwa kijani, leo ni njano. Ikizimika, kitabu kinasema, picha zote zimefutika. Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena, kama vile itabadilika.

Waya hauingii. Nyuma ya kompyuta kuna tundu kubwa mno, na jingine lina mausi.

Jumanne, 9 Septemba

Tundu lenyewe ni hilo la mausi. Nimechomoa mausi, nikachomeka waya, umeingia — ila umelegea, lazima uushikilie. Kompyuta sasa naiendesha kwa vitufe vya mishale.

Programu iko kwenye disketi mbili. Ya kwanza imeingia vizuri. Ya pili inakwaruza, inakwaruza, inagoma. Nimesogeza kile kibati chake nikachungulia. Ukungu! Madoa meupe. Hapa Pasiansi ziwa liko mlangoni, hata viatu vinaota ukungu kabatini, seuze disketi. Nimeifuta kwa pamba. Sasa haikwaruzi, ila haisomi pia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda mjini kwa Obedi, fundi wa kompyuta. Programu hiyo hana. Ila aliwahi kutengeneza kompyuta ya Bwana Pita, huenda nakala ilibaki kwenye mashine yake kuukuu. Kasema atatafuta.

Fundi akisema atatafuta, nenda kalale.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemsingizia Obedi. Kaja mwenyewe asubuhi na disketi, na programu imeingia yote.

Halafu kompyuta ikasema haioni kamera. Nimechomoa, nimechomeka, nimezima, nimewasha. Haioni! Kamera iko mbele ya pua yake! Obedi akaniambia taratibu kwamba naikimbiza, betri imechoka, niiache itembee. Akapunguza kasi ya waya, akapunguza tena mpaka ya chini kabisa. Namba zikatokea kwenye kioo, moja hadi thelathini na mbili. Nilimkumbatia, mke wa mtu mimi.

Lakini taa imekuwa nyekundu. Kwa mwendo huu wa konokono, kasema Obedi, betri ina picha moja, labda mbili. Tukiwa tunajadili hilo umeme ukakatika, kompyuta ikazima. Tumesubiri mpaka jioni, hola.

Mihayo amefika kutoka Nansio, kaja kuchukua sukari na turubai la matanga. Anarudi kwa meli ya kesho mchana. Nilipotoka chooni nimekuta ameifunika kamera kwa koti lake, jeusi, la msibani. Ilikuwa imewekwa dirishani, kasema, mwanga utaiunguza. Nimeliacha koti pale pale.

Bwana Chenge amepiga simu. Nimemweleza hali ya betri yote, sikuficha. Kasema ya kwanza na ya pili zinatosha: yeye na mwenyekiti wa kikundi, yeye na chanja. Nikamwuliza, na ya Tereza je?

"Mama Alexander," akasema, "marehemu hana haraka."

Nimesema ndiyo mzee. Ndivyo nilivyosema.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hapa hapa ofisini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshikilia waya nyuma ya kompyuta.

Umeme umekuja saa tatu. Taa ya kamera nyekundu, inapepesa. Programu imeuliza, picha zote au namba gani? Mihayo alikuwa ameketi pembeni yangu, kofia magotini, turubai limefungwa kamba mlangoni tayari kwa meli. Hajui kwamba kuna kuchagua. Nikaweka kidole kwenye moja. Nikafikiria Desemba. Nikamfikiria Ponsian anavyojifanya amekwisha shiba ili watoto waongezewe. Ninaogopa, sitajidanganya humu. Kisha nikaandika 24.

Inakuja mstari mmoja mmoja, kuanzia juu. Kijivu cheupe. Kijivu cheupe tena.

Mihayo kauliza kama ndiyo kuungua kwenyewe. Nimemwambia hapana, hilo ni anga.

Anga. Bado anga. Robo ya picha ni anga la Ukerewe! Mihayo ameanza kujieleza bila kuulizwa. Alirudi nyuma ili nyumba ionekane yote, bati aliliezeka mwenyewe mwaka huu. Nimemwambia si kitu, bati ni zuri. Na kweli limetokea, zuri, limenyooka. Bati, bati, bati. Nilitamani kumpiga kofi. Sasa nimetulia.

Nusu ya kioo. Ukuta, na sehemu ya juu ya mlango. Taa inapepesa haraka kuliko mwanzo. Nimemwuliza Tereza akisimama mlangoni alikuwa anafika wapi. Mihayo kasimama, kanyoosha kiganja chini kidogo ya bega lake, hapa. Kiganja kimebaki hewani, hajakishusha.

Simu inalia. Ni Dar, nani mwingine. Nikiinuka waya utatoka. Mihayo kaniangalia, nikamwambia aiache.

Inalia.

Katikati ya mlango kumeanza kuonekana kitu cha kijivu, cha mviringo, chenye pindo. Mihayo kasogea mpaka pumzi yake inapiga kioo.

"Hicho ni cha njano," kasema.

Chini ya pindo bado hamna kitu. Taa siitazami. Simu inaendelea kulia