Kadi ya Mzee Alberto

Mdogo wangu Fidelia, hamjambo huko ziwani? Sisi tunatetemeka. Baridi ya Mbinga imenivisha koti la mitumba la kiume, na shemeji yako ananicheka.

Wale Wamsumbiji tuliowafundisha katekisimu hapo Kihagara leo wameingia kanisa kuu kwa mara ya kwanza. Kuingia kwenyewe sasa! Mzee Alberto alisimama mlangoni, akatoa kadi yake ya ukimbizi, akamnyooshea mama wa Kimatengo aliyekuwa akipokea waumini. Wenzake nyuma wakatoa za kwao. Nami mwalimu wao niliwaeleza kila kitu, nikasahau kuwaambia kwamba kanisani hakuna kizuizi cha kukagua kadi. Yule mama akaifuta ile kadi umande kwa kanga yake, akairudisha mfukoni mwa mzee. "Shikamoo, baba. Ingieni, misa inaanza."

Baada ya misa yule mama akamuuliza Mzee wametoka wapi. Siku zote Mzee hujibu, "Sisi wakimbizi tu." Leo akasema, "Kihagara, mama. Tumewaletea dagaa wetu, usipa."

Kadi hii ninayokuandikia ikitutangulia kufika, kamwambie mke wa Mzee alivyojibu. Nimekukumbuka mno.

Dada yako, Agatha