Kiti Ulichokisukuma Nyuma

Kaka yangu,

Mama hajambo, kikohozi kimemwachia. Lile gari jipya la haibridi, la petroli na umeme, ulilomnunulia Baba limezimika tena barabarani, mara ya nne sasa. Wauzaji wamekiri ni bovu, wanauliza turudishiwe fedha au tupewe jingine. Baba hataki hili wala lile. Tangu ulipoliendesha siku uliyoondoka, kiti cha dereva kiko nyuma vilevile, ulivyokisukuma kupisha miguu yako ya twiga. Yeye huendesha na mito miwili mgongoni, na ole wake atakayekigusa!

Leo nimesaini tupewe jingine. Baba aliikumbatia mito yake, kisha akaniuliza taratibu, "Na kiti cha hilo jipya, atakuja lini kukisukuma?"

Nijibu, nami nimjibu.

Mdogo wako,
Kifaranga