Ndege Niliyoirudisha Bibi Akisubiri

Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, baba, na shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma na mnapata usingizi kidogo, ingawa najua nyumba yenye msiba hailali vizuri. Mvua imeshika huko Kasekese? Mara ya mwisho mama alisema mahindi yameanza kusinyaa. Mimi huku mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu nikifika kwenye habari za Bibi nashindwa kuendelea.

Ya dada yako, shangazi Kabula, umeshayasikia kwa mdomo wake. Sasa sikia na ya kwangu.

Asubuhi ile uliponipigia ukasema Bibi anamwita Kabula, na kwamba nyie mlio naye mnaona hatamaliza siku, nilimshukuru Mungu kwa sababu safari ya ndege ya kuja huko Mpanda ilikuwa zamu yangu. Shangazi akapata kiti. Alipopanda akanikuta mlangoni na sare yangu, akacheka, yeye aliyekuwa analia tangu nyumbani. "Kumbe ni wewe mwenyewe, Dotto? Basi nimeshafika kwa mama."

Tukawasha injini, tukaanza kusogea kwenda kwenye njia ya kurukia. Hapo Neema, rubani msaidizi wangu, akanyoosha kidole.

"Kepteni, ona presha ya oili. Injini ya kulia."

Kipimo kilikuwa kinashuka, kinapanda, kinashuka tena.

"Huenda ni kipimo chenyewe kina shida," nikasema.

"Huenda. Ila sisi hapa hatuwezi kujua."

Baba, kazi yangu naijua. Oili ikikosekana, injini inaweza kukufia angani. Siku nyingine yoyote ningegeuza pale pale. Siku ile niliiacha ndege iendelee kusogea. Nilikuwa namwona Bibi tu, amegeuzia uso mlangoni. Nikakikodolea macho kile kipimo, nakiomba kitulie. Nyuma yangu watu wamefunga mikanda, wengine wamepakata watoto, na mimi nawaza mtu mmoja. Tulipokaribia kabisa njia ya kurukia, ndipo nikawaambia waongoza ndege wa mnarani tunarudi.

Nilitoka mwenyewe kuwaeleza abiria. Wengine walinung'unika, mmoja akasema sisi kila siku tuna sababu. Shangazi alisubiri nifike kwenye kiti chake.

"Washa twende, mwanangu," akaniambia polepole, kama ananibembeleza.

"Siwezi, shangazi."

"Mama yangu anakufa, na wewe unaniambia huwezi?"

Nilisema tena siwezi, nikarudi mbele.

Mafundi walifungua, wakapima, wakafungua tena. Muda ukaenda mpaka ikawa hata tukiondoka tungefika Mpanda giza limeingia, na kule haturuhusiwi kutua usiku. Safari ikaahirishwa mpaka kesho yake. Baadaye fundi mkuu akanifuata, anafuta mikono, anatabasamu. "Injini yako nzima kabisa, kepteni. Ni waya wa kipimo ulilegea."

Alidhani ananipa habari njema. Baba, nilitamani wakute injini imeharibika. Nilitamani wanionyeshe chuma kilichopasuka, nikishike, nikampelekee shangazi akione. Rubani gani anaomba ndege yake iwe mbovu? Mimi niliomba.

Simu yako ilinikuta bado niko ofisini naandika ripoti. Uliposema "mama ametutoka," nilikimbia kumtafuta shangazi ili asikie kutoka kwangu. Nilimkuta amekaa juu ya begi lake, simu mkononi. Alikuwa ameshaambiwa. Nikapiga magoti mbele yake, hakunigusa.

"Waliniambia alikuwa anauliza kama ndege imetua," akasema. Kisha akasema, "Nenda, Dotto. Nenda kwenye kazi yako."

Kesho yake alisafiri na marubani wengine, na ndege ile ile. Mimi nilizuiwa nibaki, nitoe maelezo kuhusu hitilafu. Kwa hiyo hata udongo sikutupia. Asante kwa kuchelewesha mazishi mpaka binti yake akafika. Nimesikia aliomba jeneza lifunguliwe.

Kazini wamenipa mkono, wamesema niliamua vizuri. Neema hajamwambia mtu jinsi nilivyoendelea kuisogeza ndege nikiwa nimeshakiona kipimo. Kila nikikutana naye naona aibu.

Msalimie mama, mwambie nimezipokea karanga alizotuma. Msalimie kaka Masanja na mkewe, na pole zangu kwa ng'ombe aliyevunjika mguu. Msalimie pia jirani yetu mama Esperansia, aliyemwogesha Bibi siku zile zote kana kwamba ni mama yake wa kumzaa. Nikija nitakwenda kwake kwanza, kabla ya kaburini.

Na shangazi, kama bado yupo hapo, umwombe apokee simu yangu. Sitamweleza habari za waya. Nataka tu anigombeze mpaka achoke. Ila, baba, usimwambie kwamba najuta kuirudisha ndege. Kesho nina safari, na nikiona kile nilichokiona nitageuza ndege, na safari hii nitageuza mapema, hata kama anayesubiri kitandani ni wewe. Hayo maneno nimeyakata mara kadhaa, kisha nimeyaandika tena. Nisamehe.

Mwanao,
Dotto