Aina Zote Hukaa Chini Kabisa

Uvira, Jumapili baada ya misa

Yaya Bahati, mkubwa wangu,

Mvua imeanza huko milimani, na kamera yetu ya mtoni imekufa. Ni ile uliyoifunga mwenyewe juu ya mtaa wa Kasenga, ili watu wa chini wapate ujumbe kwenye simu kabla maji hayajawafikia. Tulipata nyingine, lakini jicho lake ni la aina tofauti. Ndipo tukatambua kwamba tangu tukuzike, hakuna anayejua jinsi maktaba yako ya programu inavyochagua piloti, ile programu ndogo inayojua kuzungumza na jicho la kamera.

Binamu yetu Imani alijaribu kwanza. Aliona orodha ya piloti imekaa ovyo, akaipanga kwa alfabeti ipendeze. Ile ya jumla, uliyoiita Aina Zote, ikaruka kutoka mwisho hadi mwanzo. Ikaichukua kamera wala haijui kuipa mwanga. Mto ukatokea mweusi kama makaa. Imani akasema, “Yaya wako ametuachia mashetani!” Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nilikumbuka siku ile unakula samaki wa ndagala mbele ya mashini, kompyuta yako, Mama anakufokea kwa harufu. Ulisema, “Anayekubali kila mugeni, usimuweke mulangoni.” Nilidhani unamsema Mama.

Basi nimeisoma programu yako mstari kwa mstari, nikaandika ukurasa wa maelezo, pole pole. Maktaba huliuliza jicho lenyewe namba yake. Haiamini jina lililobandikwa kwenye boksi. Kisha hupita orodha kutoka juu, na piloti ya kwanza inayokubali namba hiyo hupewa kazi. Utafutaji huishia hapo. Ndiyo maana Aina Zote hukaa chini kabisa. Nilipokwama niligeuka nikuulize... kisha nikaendelea kuandika.

Jana Imani aliusoma, akatengeneza piloti mpya, akaiweka mahali pake bila kuniuliza kitu. Mto ukaonekana, na mawe yake, na mama mmoja anafua. Tukapiga makofi.

Kabla ya ukurasa huu, kamera ikikataa, wote tulisema, “Ingekuwa Bahati iko.” Jana hakuna aliyesema. Ndivyo ulivyotaka, najua. Lakini nilitoka nje kidogo.

Nakuahidi, kila piloti ikiongezwa, nitaurekebisha ukurasa siku hiyo hiyo. Pumzika, Yaya. Na weye, huko uliko, unikumbuke.

Mdogo wako,
Rehema