Viti vya Upande wa Baba

Bugarama, Rusizi

Kwa Maman yangu Anastazia, kule Goma,

Barua hii ikukute umeketi, goti lako la kulia umelinyoosha juu ya kile kigoda, na chai iko karibu. Goti linasemaje siku hizi za mvua? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia imekwisha au bado? Na wewe Furaha, dada yangu mdogo, unayemsomea Maman kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi, u hali gani? Nakuomba kitu kimoja: soma yote. Usiruke mstari, usilainishe neno. Mahali utakapoona aibu, soma kwa sauti zaidi.

Sisi huku tu wazima. Joto la Bugarama unalijua kwa kusikia tu, Maman, maana hujawahi kufika. Saa moja asubuhi shati limeshalowa. Kiwandani bado napakia saruji kwenye malori, na vumbi linaingia mpaka ndani ya masikio. Nikikohoa, mke wangu Vestine anasema siku moja nitakohoa nyumba nzima. Mtoto ananyonya vizuri na analala vizuri. Ana paji lako la uso. Hilo sikuweza kulibadilisha.

Tangu mwaka mpya unanipigia simu na mimi sishiki. Vestine ameniambia maneno yako: ati Faustin amerudi kwao Rwanda, sasa ni mtu wa nchi, ametusahau sisi tuliomlea Congo. Sijasahau mtu. Ni kwamba kwa simu siwawezi. Nikianza kusema, wewe unasema reseau ni mbaya, kisha unampa Yaya Kizito, na huyo kaka yangu ana maneno matamu kuliko redio. Karatasi haikatiki. Itasema mpaka mwisho.

Nianze mwanzo. Siku mtoto alipozaliwa, ni wewe uliyeniambia kwa simu, na Furaha alikuwepo hapo kwako: "Faustin, mimi nazeeka. Ile mutoto umupe jina yangu. Nisikie bananiita nikiwa ningali muzima." Nililia, Maman. Nilikuwa nimesimama nje ya kituo cha afya na viatu vyangu vyeupe kwa saruji, nikalia mbele ya mlinzi bila haya. Nikakujibu ndiyo, ataitwa Anastazia, lakini uje ulitamke kwa mdomo wako mwenyewe.

Maana huku tunapoishi jina la mtoto halitolewi chumbani. Siku ya jina, watoto wa majirani wanalishwa kwanza, na kila mmoja anampa mtoto jina la kuchezea. Halafu wakubwa wanainuka, na wa kwanza kuinuka ni upande wa baba. Wakwe zangu ni watu wa Gashonga, kule milimani, na jambo hilo wamelishika kweli kweli. Kwao, mtoto ambaye upande wa baba haukumsemea neno ni kama ameokotwa.

Mkasema mtakuja: wewe, Yaya Kizito, Furaha na shangazi. Tukaweka Jumamosi baada ya Noeli ili kila mtu awe na nafasi. Muuguzi alinisumbua kuhusu jina la kuandikisha, nikamwambia angoje kidogo, bibi yake yuko njiani. Majirani nao wakaanza kunong'ona: mtoto gani huyu, wiki tatu sasa, bado anaitwa "we"? Nikavumilia.

Vestine ndiye aliyewaza vikwembe. Alikwenda Kamembe sokoni akachagua kitambaa cha kijani chenye ndege wa njano, akanunua vipande vitatu, chako, cha Furaha na cha shangazi, tukavituma Goma kwa boti. Alisema, "Bakisimama na kikwembe moya, hakuna muntu atauliza ni banani." Kisha akachukua blanketi jeupe la mtoto akaanza kulitarizi jina lako kwa uzi mwekundu. Anastazia, herufi tisa. Kila siku herufi moja, mtoto akiwa amelala.

Noeli yenyewe tulikula maharage. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, analia mchana kutwa, lakini huyo alikuwa wenu. Nilinunua godoro lenu. Mzee Saidi, jirani yetu mkulima wa mpunga, aliniazimia viti ishirini vya plastiki kutoka msikitini, na nikavipanga uani safu mbili zikitazamana, kumi upande wa mama, kumi upande wa baba. Kiti cha kwanza cha upande wetu nikakiwekea mto kwa sababu ya goti lako.

Asubuhi ya Jumamosi Yaya Kizito alishika simu. "Tuko mu njia, petit. Lac iko na mawimbi kidogo, mais tunafika. Mutungojee." Nilisikia muziki nyuma yake. Nikadhani ni muziki wa boti.

Wakwe walifika kwa pikipiki, moja baada ya nyingine, na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, na mihogo, na mikungu miwili mikubwa. Wakajaza viti vyao, waliobaki wakakaa kwenye mikeka. Viti vyenu vikabaki vitupu. Kufika saa nane watoto walikuwa wanalia njaa, tukawalisha maharage na ndizi juu ya majani ya migomba. Halafu wakaanza kutoa majina. Mmoja akasema aitwe Jumamosi. Mwingine akasema Sambaza, kama wale dagaa wa ziwani. Kitoto kimoja chenye kamasi kikasema Mbuzi, kwa sababu macho yake hayakuwa kwa mtoto, yalikuwa kwenye sufuria. Tulicheka mpaka Vestine akashika mbavu. Baada ya hapo sikucheka tena siku ile.

Mjomba wa Vestine, msemaji wao, akainuka na fimbo yake. "Tumesikia batoto. Sasa tusikie bakubwa. Bantu ba upande ya papa, musimame."

Viti kumi, Maman. Nikasimama peke yangu pembeni kama mhudumu.

"Bako njiani," nikasema. Nikapiga simu ya Yaya, imezimwa. Yako inaita tu. Wakangoja. Mjomba akauliza tena, safari hii taratibu, kwa huruma, na huruma yake ilinichoma. Mara ya tatu shangazi wa Vestine akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Ee! Kumbe binti yetu tulimupatia muntu hana bantu?" Wakacheka. Si wote kwa ubaya, lakini walicheka. Vestine akainamisha kichwa, akakunja blanketi lile jina lisionekane.

Ndipo Solange, mdogo wake Vestine, akanisogelea na simu yake mkononi. "Shemeji, huyu si Maman yako?"

Furaha, hapa usikohoe. Soma. Mimi ulinificha picha za status yako, lakini Solange ulimsahau, na namba yako anayo tangu siku ya harusi yangu. Niliona picha zote sita. Harusi ya binamu yetu Deo, Bukavu. Gato, keki ya ghorofa tano. Yaya Kizito ameshika kipaza sauti. Na wewe Maman umeketi safu ya mbele, na shangazi, na Furaha, wote watatu katika kijani chenye ndege wa njano.

Bukavu! Mlikuwa mmeshavuka ziwa lote. Lilibaki daraja la Ruzizi na mwendo wa gari kama saa moja hivi. Ukiwa Bukavu unaiona Kamembe kwa macho, hata mtu anayeanika nguo unamwona. Na mlikuwa mmevaa nguo niliyowatumia mje nayo kwangu. Solange hakuwa na ubaya, lakini simu ilipita mkono kwa mkono, uani kote, mpaka kwa mjomba mwenye fimbo. Hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka.

Maman, unakumbuka Noeli zetu baada ya Papa kufariki? Tulizifanyia nyumbani kwa baba yake Deo huyo huyo. Wao sebuleni, sisi jikoni, wewe unakwangua ukoko wa wali chini ya sufuria utupatie. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinishika kidevu ukaniambia, "Siku utakuwa na fete yako, karamu yako mwenyewe, Faustin, mimi nitakaa mbele." Maneno hayo nimetembea nayo miaka yote. Ule mto niliuweka kwa ajili ya maneno hayo. Na wewe umekwenda kukaa mbele katika nyumba ile ile iliyotukalisha jikoni.

Najua sababu. Deo ana malori na nyumba ya ghorofa, mimi nina vumbi. Basi sema hivyo. Jumapili Yaya aliniambia boti iliharibika. Shangazi akaniambia ana malaria. Wewe ukaniambia, "Lac ilikuwa mubaya, mwanangu, tungezama." Nikakuambia pole. Ile picha ilikuwa bado mbele ya macho yangu, na nikakuambia pole.

Ngoja nimalizie siku yenyewe, maana ulikuwa unauliza ilikwendaje.

Tulipokuwa tumekaa hivyo, Mzee Saidi aliinuka kule nyuma na kanzu yake, akamshika mkono mkewe, Mama Zaituni, wakavuka ua wote wakaja kusimama mbele ya viti vyenu. "Mimi njo upande ya papa," akasema. "Miaka sita huyu kijana anapita mbele ya mulango yangu asubuhi, na hajapita hata siku moya bila kunisalimia. Munataka bantu gani wengine?" Akaketi. Wapakiaji wenzangu wanne wakainuka, nao wakaja. Mama Zaituni alikuwa bado amesimama, anatazama kile kiti chenye mto. "Na hii ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni yako. Kaa."

Mama huyo ndiye aliyemshikilia Vestine kwenye pikipiki usiku wa uchungu, mvua ikinyesha, mpaka kituo cha afya. Mimi nilikuwa zamu kiwandani. Sijawahi kukuambia hilo, kwa sababu hukuuliza.

Mjomba akagonga fimbo chini. "Vizuri. Sasa jina."

Wote wakanitazama. Neno Anastazia lilikuwa tayari mdomoni, Maman, sikudanganyi. Vestine alikuwa ameanza kulikunjua blanketi. Ningelisema, wangepiga vigelegele, na wewe leo ungekuwa na wajina wako hapa Bugarama, na hata hii barua nisingeiandika. Nilifungua mdomo. Nikauona tena mkono wako kwenye ile picha, umeshika glasi.

Nikasema, "Mama Zaituni, jina unalo wewe."

Alikataa mara mbili. Alisema si mahali pake. Mara ya tatu akampokea mtoto, akamtazama sana, akalitamka. Mjomba akalirudia kwa sauti, wanawake wa Gashonga wakapiga vigelegele, yule shangazi mwenye mdomo akalia machozi na kuniomba msamaha. Tukala mbuzi wenu. Jumatatu nikaenda ofisi ya sekta, nikaliandikisha. Mwandishi aliniuliza kama nina uhakika na herufi zake. Nikasema ninao.

Nimekasirika, Maman, na nimeumia, na sitaki mnitumie Yaya na maneno yake. Lakini sikukatai. Wewe ni mama yangu. Lile godoro bado liko ndani ya plastiki yake, hakuna aliyelilalia.

Nisalimieni Yaya Kizito, kaka yangu mkubwa mwenye kipaza sauti. Nisalimieni shangazi, dada ya marehemu Papa, mwambieni kijani kinampendeza. Mama yule muuza makala ya kupikia, wa mlangoni kwenu, mpeni salamu nyingi, yeye peke yake alinipigia kuuliza mtoto anaitwa nani, na nilimwambia. Amenipa neno lake kwamba hatawaambia. Furaha, aksanti kwa kusoma mpaka hapa. Najua sauti imekukauka, kunywa maji.

Vestine ameufumua ule uzi mwekundu, lakini matundu ya sindano hayajajifunga. Ukiliinua blanketi juani unalisoma jina lako lote. Tumekataa kulitupa kwa sababu ni zito na mtoto analipenda.

Jina lake siliandiki hapa. Solange naye nimemkataza. Ukilitaka, Maman, vuka daraja. Kwa mwendo wenu, atakuwa ameshaanza kusema. Utamkuta mlangoni, utamuuliza, "Unaitwa nani?" Naye, kama mtoto yeyote aliyefunzwa adabu, atakujibu, kisha atakuuliza wewe ni nani.

Ni mimi mtoto wako wa tatu,
Faustin