Kizibo cha Mwisho wa Waya

Papa Alimasi,

Leo ni siku ya ishirini na sita tangu tukuzike. Ni Jumamosi, salongo ya usafi imeisha, mikono yangu bado inanuka majani tuliyofyeka mbele ya dipo ya kahawa. Nimebaki peke yangu bironi, ofisini kwetu, kukuandikia, kwa sababu yaliyotokea hapa nyuma yako hakuna mwingine wa kuyaelewa vizuri kama wewe.

Nianze na lawama, sifa zitakuja. Ijumaa uliniambia, "Riziki, tutaonana Jumatatu, utanionyesha ile hesabu." Jumatatu nilikuonyesha nini? Nilikuwa uani kwako na wamama wengine, nakoroga sufuria ya pondu, sijui machoni mwangu ni moshi au ni machozi. Malaria ya siku mbili. Mtu aliyepanda nguzo za simu miaka kumi na tisa, mvua yake na jua lake, anaondoka kwa malaria ya siku mbili. Sijakubali, Papa. Nasema tu.

Sasa sikia habari ya waya wako, ule unaounganisha mashine zetu za kompyuta.

Siku ya tatu, mimi nikiwa bado matangani, Tonton Lifoko wa dipo alikuja hapa na watu wawili kukusanya vitu vyako, kama tunavyomfanyia kila mfanyakazi anayetutoka. Unakumbuka desturi yetu: vitu vya marehemu vinatiwa ndani ya beseni, vinafunikwa kitambaa cheupe, vinapelekwa kwa mjane, na meza yake ya kazi inavikwa pagne ya kitenge mpaka arubaini. Hakuna anayekaa pale, hakuna anayegusa. Walifanya kwa heshima, siwezi kusema vibaya. Walichukua miwani, kalamu mbili, kile kikombe chako kisicho na mkono. Na kizibo.

Na hapo, Papa, kosa ni lako pia. Kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, ulikichomoa kile kizibo kidogo kwenye ncha ya waya, ukakipangusa, ukakipuliza, ukakirudisha. Uliniambia unyevu wa mto unakula madini. Mimi nilijua. Wengine walichoona ni mzee wa mtaa wa Kabondo anapulizia kitu kinachong'aa kama pete, halafu kazi ya biro nzima inaanza. Walisemezana kwa chini kwamba ni kisi yako, dawa yako ya kazi. Tonton Lifoko ameniambia mwenyewe, bila haya: "Dawa ya mutu haibaki kwa biro, mama. Ingetuletea maneno."

Maneno yalikuja hata hivyo. Niliporudi siku ya nne, mashine zote tatu zilizobaki, ukitoa yako, zilikuwa zinawaka vizuri, lakini hazisemezani. Dipo inapima gunia, uzito haufiki kwenye meza ya mahesabu. Mahesabu inaita, sekretarieti haisikii. Tukarudi kwenye karatasi zinazobebwa mbio kuvuka ua, zinalowa mvua, sita inasomwa sifuri. Wakulima waliotoka Yanonge na Basoko na kahawa yao wakalala bandarini juu ya magunia wakingoja mahesabu yetu.

Mimi sikujua habari ya beseni. Niliona tu kwamba waya wako umekufa siku tatu baada yako, na watu wakatikisa vichwa kama vile ni jambo la kawaida, mwenyewe ameondoka nao. Nilikasirika. Waya hauna matanga.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Hesabu kwanza, ulisema kila siku, halafu ndiyo ushike bisibisi. Mita sitini na mbili za waya, mashine nne, maungio kumi na moja. Niliangalia namba ya kila mashine, maana sijasahau aibu ya siku ile nilipozipa mashine mbili namba ileile, zote zikawa zinajibu, kazi ikavurugika mpaka saa sita. Hukunikemea. Ulitoka mlangoni ukaita "Papa!" kwa nguvu, na wanaume watano uani wakageuka. Ukaita "Papa Lifoko!", akageuka mmoja. Ukaniangalia. "Bon. Umeona? Wote wanasikia, anajibu mwenye jina. Sasa wewe umenizalia Lifoko wawili."

Nani mwingine angenifundisha hivyo? Mimi niliyeingia nyumba hii ya kahawa kwa kukaa sakafuni nachambua punje mbovu, nikajifunza taipu kwa kuomba mashine wakati wa mapumziko. Na wewe, shule yako iliishia darasa la sita. Kile kitabu cha Kifaransa kilichokuja ndani ya kasha la mashine, watu wa diploma walikiacha chini ya mzani. Ulikisoma miezi saba na kamusi pembeni, neno kwa neno. Ukaelewa kwamba barua ndefu inakatwa vipande, kila kipande kinapewa namba, kisipofika kinaombwa tena. Ukaelewa kwamba waya ni mmoja na wasemaji ni wengi, kwa hiyo wawili wakisema pamoja wote wanyamaze, kila mmoja ahesabu hesabu yake moyoni, halafu aanze upya. Ile sheria uliileta hata kwenye mikutano yetu, ukamwambia Tonton Lifoko ahesabu mpaka ishirini kabla ya kunijibu. Alifika kumi na mbili, akasahau alichotaka kusema.

Na mabambu, ile mianzi yako. Hatukuwa na mabomba, panya wa dari walikuwa wanakula kila kitu, basi ukapasua mabambu, ukalaza waya ndani, ukafunga kwa kamba za kukosi kutoka msituni. Miaka miwili, panya hawakugusa hata mita moja.

Direkta alingoja siku kumi, akaagiza enjenia kutoka Kinshasa. Kijana msafi, viatu vyake vilikuwa vinakwepa matope peke yake. Alipanda ngazi, akatia kichwa darini, akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Akasema kwa Kifaransa, halafu kwa Kilingala ili watu wa dipo nao wacheke, kwamba Wagenia, wavuvi wa mitego ya miti mtoni, wameacha samaki siku hizi, wanategea kompyuta. Hakupima kitu. Aliandika ukurasa mmoja: waya umeoza, kazi ya mafundi wa mkono, uondolewe wote, mashine zirudishwe Kinshasa ndani ya makasha. Jumatatu, siku ya ishirini na moja, vibarua wangekuja kubomoa.

Nilikwenda kwa Direkta. Alikuwa na haraka, lakini alinisikiliza amesimama. "Citoyenne," aliniambia, "nipe sababu moja ya kuuacha." Nilikuwa na heshima yangu kwako tu, na heshima haitumi uzito wa gunia. Nikamwomba aniachie mpaka Jumatatu ileile.

Papa, hapa nakuungamia kosa langu. Mita yako ya kupimia umeme ilikuwa mikononi mwangu tangu siku ya nne. Nilizima mashine zote, nikapima waya kila mahali, na kila mahali ilisema omu hamsini za ugumu. Nilifurahi! Hamsini, si ndiyo namba ya kizibo? Namba uliyonikaririsha? Nilipima hamsini siku kumi na nne mfululizo, nikiambia watu waya ni mzima, nikitafuta ubovu kwenye mashine. Na kila siku nilipita mbele ya meza yako, mwisho wa waya, nikainamisha kichwa mbele ya pagne, nikaendelea.

Ijumaa, siku ya kumi na nane, nilikuwa naandika hesabu ya magunia, njia mbili za mteremko, kila njia inapitisha nusu ya mzigo. Kalamu ikasimama. Vizibo ni viwili. Kimoja dipo, kimoja kwako. Umeme ukiwa na njia mbili zilizo sawa, ugumu unakuwa nusu. Waya mzima haukutakiwa useme hamsini, ulitakiwa useme ishirini na tano! Ulikuwa unaniambia kila siku, kwa lugha ya wazi kabisa, kwamba mwisho mmoja uko wazi. Na mimi nilikuwa napongeza.

Nisamehe, nilifunua pagne kabla ya arubaini. Ncha ya waya ilikuwa tupu.

Nikakumbuka siku uliponipeleka dipo ikiwa haina kitu, ukapiga kofi moja. Lilirudi kutoka ukutani, likarudi tena. Miezi baadaye, kahawa imejaa mpaka juu, ukapiga kofi lingine. Halikurudi. "Magunia yamelimeza," ulisema. "Kizibo ndiyo gunia letu. Bila hiyo, neno linafika mwisho, linageuka, linagongana na neno linalokuja, na hakuna mutu anasikia mutu." Nilikuwa najua yote hayo, Papa. Kujua nilijua.

Tonton Lifoko aliponieleza habari ya beseni, nilikwenda kwako jioni ileile. Mama Zaituni yuko ndani ya eda, amekaa kwenye mkeka chumba cha nyuma, amekonda. Kabla sijafungua mdomo alifungua ncha ya pagne yake, akatoa kizibo.

"Riziki, wewe ulikaa naye. Niambie ukweli. Hii ni kisi?"

Ndipo nilipoona kilichoingia nyumbani mwako ndani ya lile beseni. Wiki mbili nzima mke wako amekaa na kitu kile, anafikiri mume aliyesali naye miaka thelathini alikuwa anapulizia dawa kwa siri. Hakumwonyesha shehe. Hakuwaonyesha watoto. Alikifunga kwenye nguo akakaa nacho, kwa sababu hakuweza kukitupa, kilikuwa kitu cha mwisho mkono wako ulichokishika.

Nilimweleza. Nilipiga kofi kwenye chumba, nikapiga lingine mbele ya godoro lililosimamishwa ukutani, nikatafuta maneno yako kila mahali. Sijui alielewa nusu au robo. Lakini aliuliza swali moja tu: "Basi ni kizibo?" Nikasema ni kizibo, Mama. Akacheka, Papa. Akalia akacheka, akasema miaka yote aliwaambia majirani mume wangu anafunga waya, na wakimuuliza waya za nini, anawaambia kamuulizeni mwenyewe.

Halafu akaninyoshea kizibo. "Chukua, kama kazi inalala."

Haraka gani ingenifanya nimnyang'anye? Siku zilikuwa zimebaki tatu, zinatosha kutengeneza kingine. Nilimrudishia mkononi, nikamfungia mwenyewe kwenye ncha ya pagne.

Jumamosi baada ya salongo nilifungua ile redio mbovu ya dipo. Nilitafuta vile vijiti vya kuzuia umeme vyenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia, yaani omu mia. Nilipata viwili. Mia na mia, bega kwa bega, hamsini. Nikavilehemu ndani ya kichwa cha waya cha zamani, vidole viwili vikaungua, nikakifunga mwisho wa waya wako chini ya pagne bila kuwasha mashine yako. Nikapima. Ishirini na tano. Nilikaa sakafuni palepale.

Jumatatu vibarua walikuja na nyundo. Direkta alikuja, enjenia alikuja. Nikamwomba Tonton Lifoko apime gunia moja. Kilo sitini na moja zikaonekana kwenye meza ya mahesabu kabla hajalishusha. Enjenia alisema inaweza kufa tena kesho. Nikamwambia ikifa apime: ishirini na tano, waya ni mzima; hamsini, mwisho mmoja uko wazi. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwonyesha meza yako.

Direkta aliamua waya ubaki, na mabambu yake. Lakini nataka ujue yote: ripoti mpya imeandikwa, na yale maneno yangu ya ishirini na tano na hamsini yamo ndani yake, yametiwa sahihi na enjenia. Jina lako halimo. Langu halimo. Nimeisoma mara mbili nikitafuta. Nikaenda kwa Direkta, nikamwambia kazi hii ina mwenyewe. Akasema ripoti imekwisha ondoka na ndege.

Lakini jana nilikuwa naangalia magunia ya watu wa Basoko yanapita, moja baada ya jingine, wanalipwa wanapanda pirogi zao wanaondoka, hakuna anayelala bandarini. Hakuna hata mmoja anayejua kwa nini. Wewe ungependa hivyo, najua. Mimi sipendi.

Kwa hiyo nakuahidi jambo moja, Papa, na nimelihesabu. Eda ya Mama Zaituni imebakiza siku mia moja na nne. Siku ya mia na tano nitakwenda kumchukua mwenyewe, nimlete hapa, nimkalishe kwenye kiti chako mbele ya mashine yako. Mimi nitakwenda dipo, nitaandika jina lako, Alimasi, na kulituma. Kusoma hajui sana, lakini jina hilo analijua. Litakatwa vipande, litapita ndani ya mabambu mita sitini na mbili, litafika mbele yake zima. Na wakija majirani kumuuliza waya za nini, atawajibu yeye.

Lala salama, mwalimu wangu.

Riziki